Linki inakatika, ping inaruka: kusaka jita kwa oskiloskopu, dalili kwa dalili

Malalamiko yanayofika mezani kwa fundi wa mitandao huku Nyanda za Juu Kusini ni yaleyale, hubadilika mdomo tu. Mwenye steshenari Mwanjelwa anasema mtandao unakatakata mchana. Mhasibu wa SACCOS Iringa mjini anasema simu za kwenye kompyuta zinameza maneno. Gesti ya Njombe inasema rauta haiamki asubuhi mpaka jua litoke. Ofisi ya kiwanda cha mbao Mafinga inapoteza linki kila msumeno mkubwa unapowashwa. Na siku hizi fundi kijana mwenye skopu mpya naye huongeza lake: "Kaka, nimepima, jita ni kubwa mno, hii swichi imekufa."

Mara nyingi swichi haijafa. Jita ni mapigo ya umeme kuwahi au kuchelewa kidogo badala ya kufika kwa wakati wake. Skopu (oskiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) ya bei ya kawaida ina jita yake, probu (waya wake wa kupimia) ina yake, na namna ulivyoshika klipu ya ethi (ya ardhi) ina yake. Ukijumlisha hayo matatu, hata swichi iliyotoka kwenye boksi leo itaonekana mgonjwa. Kwa hiyo kanuni inayoongoza maelezo yote hapa chini ni hii: usihukumu poti kwa kipimo kimoja. Pima poti isiyo na ubovu na poti unayoishuku kwa skopu ileile, probu ileile na kipande kilekile cha waya. Namba yenyewe inaweza kukudanganya, lakini tofauti kati ya poti mbili haidanganyi kirahisi.

Dalili ya 1: ping inaruka, simu inameza maneno, lakini linki haikatiki

Hapa skopu irudishe kwenye mfuko. Jita inayoonekana kwenye ping (jaribio la kutuma paketi na kupima muda wa jibu) ni paketi kuchelewa kwa viwango tofauti, na inahesabiwa kwa milisekunde. Jita ya saa ndani ya kifaa (mapigo yanayoongoza kasi ya chipu) inahesabiwa kwa nanosekunde na pikosekunde. Kiwango cha Ethernet ya 100 Mb/s kinaruhusu jita ya hadi nanosekunde 1.4 kutoka kilele hadi kilele kwenye upande wa kutuma. Ping ikiyumba kwa milisekunde 14, hiyo ni mara milioni kumi ya kiasi hicho. Saa mbovu haifanyi ping ichelewe. Inafanya fremu (vifurushi vya data kwenye waya) ziharibike, na fremu iliyoharibika hutupwa.

Sababu, kuanzia ile ya kila siku:

Foleni imejaa kwenye rauta. Chukua bafa (hifadhi ya foleni) ya kilobaiti 256 kwenye laini inayopandisha 2 Mb/s: ikijaa, paketi ya mwisho inasubiri karibu sekunde nzima. Mtu mmoja anayepandisha video kule nyuma ya duka anatosha. Chomoa watumiaji wengine wote, piga ping tena. Ikitulia, dawa ni kupanga foleni kwenye rauta, si kubadilisha swichi.

Wi-Fi. Wateja wengi hupima kwa simu. Pima kwa kompyuta iliyochomekwa waya, kwanza mpaka kwenye rauta yenyewe, halafu ndipo utoke nje. Ping ya kwenye rauta ikiwa chini ya milisekunde moja na imetulia, tatizo liko mbele ya rauta na waya wako wa ndani hauna kosa.

Prosesa ya rauta imelemewa. Baadhi ya rauta hujibu ping pale tu zinapopata nafasi, hivyo ping ya kwenye rauta ikiruka huku ping ya kompyuta nyingine kwenye swichi hiyohiyo imetulia, usihangaike nayo.

Na mafundi wanaodhani saa mbili zisizolingana zinarundika ucheleweshaji, fanyeni hesabu. Tuseme vifaa viwili vimepishana 100 ppm (sehemu 100 kwa milioni). Fremu kubwa ya baiti 1518 ina biti 12,144. Kupishana kote kunafika biti 1.2, na bafa ndogo ndani ya chipu inameza tofauti hiyo kati ya fremu na fremu.

Dalili ya 2: hesabu ya CRC inapanda, au linki inashuka na kupanda

Sasa ndiyo kazi yenyewe, ila bado si ya skopu. Kwenye Linux andika `ethtool -S eth0` utazame namba za makosa ya CRC (fremu zilizofika zimeharibika). Kwenye swichi inayosimamiwa, fungua ukurasa wa takwimu za poti. Andika namba, subiri huku mtandao ukitumika, andika tena. Namba kubwa iliyosimama ni historia ya zamani. Namba inayopanda ndiyo ugonjwa wa leo.

Anza na waya. Badilisha pachi (waya mfupi wa mtandao). Kisha hamisha waya uleule kwenda poti nyingine: makosa yakihama na waya, waya ndio mbaya, yakibaki kwenye poti, endelea na dalili zinazofuata.

Ukifika kwenye waya, haya ndiyo yanayokutwa zaidi. La kwanza ni kichwa kilichobanwa vibaya, hasa pale ganda la nje lilipoishia kabla ya kuingia kwenye plagi. La pili ni jozi zilizogawanywa: mtu kapanga rangi kwa kufuata macho yake, 1-2, 3-4, 5-6, 7-8. Kipima waya cha taa nane kitawaka zote nane na wewe utaondoka umeridhika, huku waya wa 3 na wa 6 haujasokotwa pamoja. Kwenye mita mbili inafanya kazi. Kwenye mita thelathini CRC zinamiminika. Fungua kichwa uangalie kwa macho: 3 na 6 lazima wawe jozi moja, nyeupe-kijani na kijani kwa mpangilio wa B.

La tatu ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Soko limejaa huo, na maandishi kwenye boksi hayasaidii. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, umeshajua. Au pima kwa multimita: unganisha nyuzi mbili za jozi upande mmoja, pima upande wa pili. Kipande cha mita 50 cha shaba kwenda na kurudi kinasoma karibu Ω 9. Cha alumini kitasoma karibu 13 au zaidi.

La nne ni maji. Tukuyu na Rungwe yote mvua haina simile, na waya wa ndani ukitandazwa nje kwenda kwenye redio ya juu ya bati hunyonya maji kupitia ganda lililopasuka. Maji yakishaingia, jozi hazina tena Ω 100 zinazotakiwa na mawimbi yanarudi nyuma. Waya wa namna hii haukaushwi. Kata, tupa, weka wa nje wenye ganda jeusi, na uache kitanzi kinachoning'inia kabla haujaingia ukutani ili matone yadondoke hapo.

La tano si la waya: upande mmoja umelazimishwa dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa pamoja), mwingine umeachwa ujipangie wenyewe. Huo wa pili utaangukia nusu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu). Utaona CRC upande mmoja na migongano iliyochelewa upande mwingine. Rudisha pande zote kwenye kujipangia.

Haya yote yakiwa safi na poti ileile bado inatoa makosa, washa skopu.

Kabla ya kugusa probu

Sehemu hii msiiruke hata kama mna haraka.

Klipu ya ethi ya skopu ya mezani imeunganishwa moja kwa moja na ethi ya jengo kupitia plagi yake. Ukiibana mahali penye volti, unatengeneza shoti. Poti inayotoa PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) ina kati ya volti 44 na 57 juu ya jozi za data, na redio nyingi za watoa huduma wadogo hutumia PoE tuli ya volti 24, plasi kwenye 4-5 na hasi kwenye 7-8, bila mazungumzo yoyote kabla ya kuwasha. Pima kwanza kwa multimita, kila jozi dhidi ya kila jozi. Ukikuta volti, zima PoE au hamia poti isiyo nayo. Usiendelee kabla ya hapo.

Usikate pini ya ethi ya skopu ili "kuielea". Wapo wanaofundisha hivyo. Siku klipu itakapogusa upande wa umeme mkuu, boksi zima la skopu litakuwa na umeme na mkono wako uko juu ya kitufe.

Adapta za pini mbili zina kapasita ndogo inayovusha mkondo mdogo kutoka umeme mkuu hadi upande wa DC. Ndiyo maana rauta inachonyota ukiigusa kwa mkono ulioloa. Funga klipu ya ethi kwanza, halafu ndipo uwashe rauta.

Sasa kipande cha kupimia. Chukua pachi fupi ya sentimita 10 hivi, kichwa kimoja kibaki, upande wa pili chuna jozi ya 1-2 tu, uichomee rezista ya Ω 100 ya filamu ya metali kati ya nyuzi mbili. Rezista ya waya uliozungushwa haifai, ina koili ndani yake. Probu ya kutofautisha (inayopima tofauti kati ya nyuzi mbili) ikiwepo, iweke hapo. Wengi hatuna. Tumia probu mbili za 10x (zinazopunguza wimbi mara kumi), moja kila uzi, na kwenye skopu chagua hesabu ya chaneli 1 toa chaneli 2. Usibane klipu ya ethi kwenye uzi wowote wa jozi, kwa sababu jozi hii inatakiwa kuelea. Klipu zote mbili zibane pamoja kwenye ganda la metali la kifaa au sehemu yake ya ethi. Kisha weka probu zote mbili kwenye nukta moja uhakikishe ukingo unaanguka wakati mmoja. Zikipishana nanosekunde moja, rekebisha kwenye menyu ya chaneli, la sivyo utaipima probu yako ukidhani ni swichi.

Dalili ya 3: skrini ni tupu, kuna mafungu ya mapigo tu

Mafungu membamba yanayojirudia kila milisekunde 16 si ubovu. Ni poti inayojitambulisha ikisubiri mwenzake ajibu, na kwa kuwa upande wa pili kuna rezista tu, hakuna wa kujibu. Lazimisha kasi: `ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off`, au fanya hivyo kwenye menyu ya swichi. Poti ya 100 Mb/s iliyolazimishwa hutuma mawimbi yaliyochanganywa muda wote hata kama hakuna data, na hayo ndiyo unayoyataka. Huna haja ya kutafuta mtu wa kupakua filamu.

Bado tupu? Huenda poti inatumia jozi ya 3-6 kutuma. Geuza kipande chako.

Mawimbi yapo, yanapotea, yanarudi? Hiyo ni hali ya kuokoa umeme. Izime: `ethtool --set-eee eth0 eee off`.

Swichi ya bei nafuu isiyo na menyu haikupi nafasi ya kulazimisha kitu. Hapo itakubidi uchomeke mwenzake halisi na kupima katikati ya njia, ambako mawimbi yanayorudi yatakusumbua. Kwa kulinganisha poti na poti inatosha. Kwa kutoa namba ya kuandika kwenye ripoti, haitoshi.

Dalili ya 4: kila poti inaonekana mbovu

Poti zote nane haziwezi kufa siku moja kwa namna moja, isipokuwa umeme wa ndani au saa yao ya pamoja ina shida. Kabla ya kufika huko, shuku meza yako.

Kitufe cha kubana masafa hadi 20 MHz kimeachwa kimewashwa. Linatokea sana, na dawa yake ni kubonyeza mara moja.

Probu iko kwenye 1x. Kwenye 1x probu nyingi hazivuki MHz kumi hivi, na zinaongeza mzigo mkubwa wa kapasita. Rudisha 10x, kisha ifunge kwenye pini ya mraba ya skopu na uzungushe skrubu ndogo mpaka kona za wimbi zinyooke.

Waya mrefu wa ethi. Ule mkia wa sentimita 15 wenye klipu ya mamba una induktansi ya karibu nanohenri 150. Ukikutana na pikofaradi kumi za ncha ya probu, unalia kwenye masafa ya karibu 130 MHz. Mawimbi yanayotetemeka kila baada ya ukingo, unayodhani ni ya swichi, ni wimbo wa mkia huo. Tumia springi fupi iliyokuja na probu. Ukiwa umeitupa pamoja na boksi, zungusha uzi mfupi wa shaba kwenye pete ya ncha.

Skopu yenyewe ni ya polepole. Muda wake wa kupanda ni 0.35 gawa kwa upana wake wa masafa, kwa hiyo skopu ya 100 MHz ina nanosekunde 3.5. Ukingo wa 100BASE-TX (Ethernet ya 100 Mb/s) unapanda kwa nanosekunde 3 hadi 5. Ukingo wa nanosekunde 4 utausoma kama 5.3, na ukingo uliolala unageuza kelele kuwa jita: kelele ya milivolti 20 kwenye ukingo unaopanda milivolti 200 kila nanosekunde inakupa nanosekunde 0.1 ya jita ambayo haipo kwenye swichi. Kwa skopu ya 200 MHz ukingo huohuo unasomeka 4.4. Yangu ni ya 100 MHz na inanitosha kwa kulinganisha. Sijawahi kuandika cheti cha kiwanda kwa kuitumia.

Chaneli nyingi zimewashwa. Skopu nyingi za chaneli nne hugawana sampuli bilioni moja kwa sekunde, na ukiwasha zote unabaki na robo yake: sampuli moja kila nanosekunde 4 kwa biti ya nanosekunde 8. Zima usizozitumia. Halafu kuza wimbi lijaze sehemu kubwa ya skrini. Wimbi dogo katikati linatumia ngazi chache za kipimo.

La mwisho, unapima kwenye nukta ya triga. Ukingo ambao skopu imejifungia hauwezi kukuonyesha jita yoyote zaidi ya ile ya triga yenyewe. Sogea kulia, tazama ukingo wa baada ya nanosekunde 80, wa baada ya 800, huku skrini imewekwa iache alama za mapigo yaliyopita. Upana wa ule mstari mnene ndio jita yako. Kumbuka 100BASE-TX ina ngazi tatu, juu, sifuri na chini, kwa hiyo pima ukingo katikati ya sifuri na juu, karibu volti 0.5, si kwenye sifuri ambako mawimbi hulala.

Ili kuijua jita ya skopu, pima kwanza osileta (chanzo cha mapigo ya saa) nzuri unayoiamini. Kwa thamani za rms (aina ya wastani), jita ya kweli ni kipeo cha pili cha kipimo toa kipeo cha pili cha skopu, kisha utafute kipeuo chake. Usifanye hesabu hiyo kwa namba za kilele hadi kilele. Hizo zinakua kadiri unavyoacha skopu ikusanye, kwa hiyo poti zote zikusanye kwa muda uleule.

Dalili ya 5: poti moja ina ukungu, jirani zake safi

Hapa skopu inaanza kulipa gharama yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, sababu ya kwanza ni radi. Poti iliyopigwa na radi ya mbali mara nyingi haifi. Inabaki kilema, inashika linki, inapitisha data kidogo, inatoa CRC.

Zima kila kitu, chomoa, pima kwa multimita kwenye pini za poti. Kati ya 1 na 2, na kati ya 3 na 6, utakuta ohmu moja mbili hivi za koili ya transfoma. Linganisha na poti jirani. Ikisoma wazi kabisa, koili imekatika. Kwenye poti za 10/100 jozi za 4-5 na 7-8 huwa zimefungwa pamoja kwa rezista za Ω 75, usizisome kama ubovu.

Koili ikiwa nzima, rudi kwenye skopu. Kilele kikitofautiana juu na chini, au wimbi likiwa nusu ya lile la poti jirani, upande mmoja wa jozi hautumi, na mara nyingi ni chipu. Ukubwa sahihi ni karibu volti 1 juu na volti 1 chini kwenye Ω 100. Kingo zikiwa zimelala kuliko za jirani lakini ukubwa ni sawa, shuku diodi ya kuzuia radi iliyoungua nusu: inaongeza kapasita na kulaza ukingo. Kuitoa na kuweka nyingine ni kazi ya pasi ya hewa moto na mkono uliozoea. Wimbi likipanda na kushuka lote kwa pamoja, kana kwamba sifuri inatembea, transfoma imepoteza induktansi, na skopu itakuonyesha jita kubwa ambayo kwa kweli ni sifuri iliyohama.

Kwa swichi ndogo ya ofisi, ushauri wangu ni mfupi: bandika utepe kwenye poti hiyo, andika "MBOVU", tumia nyingine. Lakini ukiona alama nyeusi, harufu ya kuungua, au poti mbili zaidi zenye dalili hiyo, itoe swichi kazini. Na kama waya ule unatoka kwenye mnara au jengo jingine, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime fimbo ya ardhi kabla hujafunga swichi mpya. Ukiweka mpya kwenye ethi ileile mbovu, mvua inayofuata itakurudisha palepale.

Dalili ya 6: jita inakuja na kuondoka kwa mpigo

Poti zote kwa pamoja, ukingo unavimba na kusinyaa. Huu ni umeme wa kulisha.

Badilisha adapta kwanza, weka nzima ya volti zilezile na ampea zisizopungua. Hilo pekee humaliza kesi nyingi.

Ukitaka kujua kwa hakika, weka skopu kwenye AC (ionyeshe mabadiliko tu, si volti tuli), washa safari hii ule ubanaji wa 20 MHz, pima kwenye kapasita ya kuingilia ya bodi kwa springi fupi. Adapta nzima ya volti 12 hubaki kwenye makumi ya milivolti hadi mia na kidogo. Kisha weka triga kwenye umeme mkuu. Mawimbi yakisimama skrini ikiwa imejifungia hapo, na yakijirudia kila milisekunde 10, hiyo ni 100 Hz ya umeme wetu wa 50 Hz: kapasita kubwa ya adapta imekauka. Yakikimbia na kujirudia haraka, kwa makumi au mamia ya kHz, ni kapasita za upande wa kutoka au za kigeuzi cha ndani ya bodi. Tafuta zilizovimba kichwa. Weka za ESR (ukinzani wa ndani ya kapasita) ndogo, za nyuzijoto 105, volti zisizopungua za mwanzo.

Ndani ya adapta au pawa saplai, simama. Kapasita kubwa pale inashika karibu volti 325 DC, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Klipu ya skopu haina kazi upande huo kabisa. Adapta haina gharama ya kumtoa mtu roho, nunua nyingine.

Yule wa Mafinga mwenye msumeno: kabla ya yote, lisha swichi kwa betri ya volti inayofaa na uwashe msumeno. Makosa yakikoma, yaliingia kwa njia ya umeme, weka UPS nzuri. Yakiendelea, yanaingia kwa waya wa mtandao uliotandazwa sambamba na kebo ya mota. Utenganishe, au kati ya majengo weka faiba na uachane na ugomvi wa ethi mbili.

Dalili ya 7: asubuhi ya baridi linki haishiki, saa nne inashika

Juni na Julai, Njombe, Makete na juu Mufindi. Watu hukimbilia kristali (inayotoa mapigo ya saa). Kristali ya 25 MHz huhama kidogo kwa baridi, lakini nzima haivuki ile 50 ppm inayoruhusiwa kwa baridi yetu. Kapasita za elektroliti ndizo zinazochukia baridi: ESR hupanda, na kapasita iliyochoka inashindwa kabisa mpaka ipate joto.

Jaribu kwa drayer ya saluni, kwa joto la chini. Pasha adapta peke yake rauta ikiwa baridi. Ikiamka, adapta. Kama sivyo, pasha bodi kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu.

Ukibaki na kristali, usiweke probu moja kwa moja kwenye pini zake. Pikofaradi kumi na zaidi za probu zinatosha kuihamisha au kuizima, na utaambiwa na skopu kwamba imekufa kumbe umeizima wewe. Tafuta pini ya saa inayotoka kwenye chipu. 50 ppm ya 25 MHz ni Hz 1,250 tu, na saa ya skopu nyingi za bei nafuu ina kosa la karibu kiasi hichohicho. Ni kupima dhahabu ya Chunya kwa mizani ya magunia ya viazi. Pima na bodi nzima ya aina ileile, linganisha.

Dalili ya 8: kwenye gigabiti naona vurugu tupu

Ndivyo ilivyo. Gigabiti hutumia jozi zote nne, kila moja ikituma na kupokea wakati uleule kwa ngazi tano. Skopu inaona jumla ya pande mbili, hakuna wimbi safi la kupima. Wala kasi hiyo hailazimishwi bila kujipangia.

Njia sahihi ni modi za majaribio ndani ya chipu, zinazowekwa kwenye rejista (sehemu ya mipangilio ya chipu) ya 9. Modi ya 2 inatuma ngazi ya juu na ya chini kwa kupokezana, wimbi safi la 62.5 MHz. Unahitaji programu ya mtengenezaji wa chipu au njia ya kuandika rejista, na skopu ya 100 MHz hapo imefika ukomo wake. Kwa warsha ya kawaida, shusha poti hadi 100 Mb/s upime 1-2. Saa na umeme ni vilevile, kwa hiyo ubovu wa huko utauona. Ubovu wa jozi za 4-5 na 7-8 hutauona: mtandao ukitulia kwenye 100 na CRC zikirudi kwenye gigabiti, rudi kwenye waya na vichwa, kisha multimita kwenye koili za jozi hizo mbili.

Kifaa kikiwa bado na waranti, ishia kwenye kubadilisha waya na adapta. Usifungue skrubu, andika namba za CRC za kabla na baada, poti kwa poti, umpelekee muuzaji pamoja na kifaa.